Kengele Chini ya Barafu

Jua lilikuwa linazama Hadne alipochukua nondo yake ya chuma kwenda kupima ugumu wa ardhi mbele ya tingatinga. Ndiyo kazi aliyopewa na kambi ya wachimba gesi: kila hatua kumi, choma nondo matopeni. Ikigonga barafu iliyoganda chini ya tope kwenye kina cha goti, tingatinga lipite. Ikizama, lizunguke.

Gennadi, dereva, alikuwa na njaa na haraka. Kiangazi kile ndiye aliyekwangua kwa tingatinga makaburi ya Wanenets, watu wa Hadne wafugao kulungu, masanduku ya mbao yaliyolala juu ya ardhi, likiwemo la mama yake Hadne. Kengele ya kaburi, ambayo mgeni huitikisa ili marehemu ajue ametembelewa, aliining'iniza ndani ya tingatinga lake.

"Nipe kengele ya mama," Hadne alisema, kwa mara ya tano.

"Bibie, mama yako hasikii kitu. Mimi inanichangamsha." Akaitikisa. Ting! Ting! "Pima bwana, supu inapoa!"

Hadne alimeza hasira yake, akachoma nondo. Tangu ardhi ile ivuliwe majani yake, barafu ilikuwa inayeyuka kwenda chini.

Nondo ikazama mpaka kiganjani.

Halafu... ikavutwa.

Harufu ikapanda kutoka kwenye tope. Moshi, ngozi ya kulungu, chai iliyochemka kupita kiasi. Harufu ya nywele za mama. Na huko chini kabisa, kitu kikagonga chuma.

Ngo... ngo... ngo...

"Vipi?" Gennadi alipaza sauti. "Ardhi inashika?"

Neno moja tu lingemwokoa Gennadi. Hadne alilijua, na roho yake ikakataa kulitoa.

"Inashika."

Tingatinga lilikwenda hatua nne. Tope likafunguka, likalimeza, likajifunga. Kengele ililia mara moja.



Asubuhi watu wa kambi walikuja na majembe. Alama za minyororo ya tingatinga zilifika pale zikaishia. Wakachoma nondo, ikagonga barafu kwenye kina cha goti, ngumu kama jiwe.

Hadne hakujuta hata siku moja. Kila familia yake inapohamisha hema, yeye hupima kwanza, goti, barafu, salama. Lakini chai ikianza kuchemka, kengele hulia chini ya ngozi anayoikalia, na sauti iliyojaa tope huuliza:

"Bibie... ardhi inashika?"

"Inashika," humjibu, akipuliza chai yake kwa raha.

Juzi sauti ilicheka.

"Basi njoo."

Asubuhi yake Hadne alichoma nondo mahali pale pale alipokuwa amekaa. Ilizama mpaka kiganjani.