Anayelainisha Viatu

Asubuhi ile, mpokea wageni wa hoteli alipotia miguu kwenye viatu vyake vipya alivikuta vina joto, kama vimevuliwa sasa hivi. Jana yake vilikuwa vigumu kama mbao. Vilimchubua mpaka akaingia nyumbani pekupeku, viatu mkononi, akilia, "Mama, miguu yangu!" Leo vilikuwa laini, wala havikumuuma.

Hotelini kwao wanawake wa mapokezi lazima wavae viatu vya visigino virefu, wasimame zamu nzima na watabasamu. Sheria hiyo aliitunga meneja, ambaye mwenyewe hushinda na raba.

Zamani kazi ya kulainisha viatu ilikuwa ya dada yake. Jozi mpya ikiingia, dada mtu alivaa soksi nzito zilizoloweshwa maji, akavitia viatu miguuni na kuzunguka navyo sebuleni alasiri nzima. "Niachie mimi mwenye nyayo za tembo," alimtania. "Wewe miguu yako ya mayai."

Dada huyo walikuwa wamemzika mapema mwaka huo.

Siku ya mapumziko, alasiri, mama na binti walikuwa wamejilaza chumbani. Sebuleni kukasikika ko, ko, ko.

"Umesikia?" mama alinong'ona.

"Nyamaza, Mama."

Ko, ko, ko, zile hatua zikafika dirishani, zikageuka, zikarudi mpaka kwenye mlango wa chumba, na kila mguu ulipotua ulifuatwa na mguno wa mtu anayeuma meno ili asilie, na chini ya mlango ikapenya harufu ya dawa ya kuchua aliyopenda kupaka marehemu, imechanganyika na udongo mbichi, na mama, aliyeujua mguno ule tangu ulipokuwa kilio cha mtoto mchanga, akajiziba mdomo kwa shuka asije akaitika.

Kesho yake binti hakwenda kazini; walimwita mganga, mwanamke mmoja mpole. Alasiri hatua zilipoanza, aliweka sikio mlangoni akasikiliza.

"Ni jini?" binti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Lingekuwa jini ningelifukuza. Huyu ni dada yako. Alikusikia ukililia miguu, akaja. Maumivu yako anayabeba yeye, na dawa za kuchua hazimsaidii tena."

"Nifanye nini?"

"Mwambie huumii, akapumzike. Lakini ukija kulalamika tena, popote pale, atarudi."

Binti alipiga magoti mlangoni. "Dada, haviumi. Vimenikaa vizuri. Kapumzike, dada yangu."

Hatua zikasita. Mama alikimbilia kitasa, amwone mwanawe japo mgongo tu, mganga akamkumbatia kwa nguvu asifungue. Walipofungua baadaye, viatu vilikuwa katikati ya sebule, na mama akaviangukia akilia.

Asubuhi vilikuwa baridi na vigumu kama siku ya kwanza. Kufika mchana, damu ilikuwa imelowesha visigino vya mpokea wageni, na mwenzake wa mapokezi akamwinamia.

"Shoga, unachechemea. Vinakuuma, eh?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Neno moja tu lingemrudisha dada nyumbani alasiri hiyohiyo, na Mungu anajua jinsi alivyomtamani.

"Haviumi," akasema kwa sauti kubwa, mpaka wageni wakageuka. "Haviumi kabisa."