Orodha ya Wapiga Kelele

Tangu kiwanda alichofanya kazi mama yake kiuzwe na nusu ya wafanyakazi wapunguzwe, mama akiwemo, Lucy alikuwa anaamka saa kumi alfajiri. Anachota maji bombani, anapuliza moto, anageuza vitumbua vya kuuza mpaka macho yanawasha kwa moshi, kisha anakimbilia shule pale Mafiga. Akifika darasani, darasa la saba, mwili upo, macho yameshaaga.

Ijumaa hiyo kipindi cha mwisho kilikuwa Kiingereza. Mwalimu Wilfred, naye hoi, aliandika ubaoni: say, tell, speak, talk.

"Hawa wanne ni ndugu, ila tabia mbalimbali," alisema. "Say anataka jambo: umesema nini? Tell anataka mtu: umemwambia nani? Speak anapenda lugha, na kusimama mbele za watu. Talk ni wa kibarazani: mnaongea, wewe na mwenzako. Tungeni sentensi nane. Lucy, wewe ndiye kiranja, andika wapiga kelele. Naenda kuona vifaranga."

Hakuna aliyeuliza vifaranga gani. Siku hizi mwalimu bila kuku hafiki mwisho wa mwezi.

Lucy akaketi mbele na karatasi yake, akaegemeza shavu kwenye kiganja. Alipofumbua macho, mwalimu alikuwa mlangoni na karatasi ilikuwa nyeupe. Kiranja asiye na jina hata moja, si ndiye aliyelala? Haraka haraka akaandika jina lisilokosekana kwenye orodha: Abuu.

"Abuu tena?" Mwalimu aliichukua karatasi. "Mara ya tatu wiki hii. Sheria unaijua. Nenda nyumbani, usirudi mpaka uje na mzazi."

Jumatatu ulikuwa mtihani wa majaribio wa mkoa. Na Abuu alikuwa akiishi na bibi yake asiyeweza kutembea. Baba yake yuko mashamba ya miwa kule Kilombero, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Lucy aliyajua yote hayo.

"Mwalimu, leo sijaongea," alisema Abuu.

"Kila siku hujaongea. Ila ngoja, tutumie somo letu." Mwalimu akajibwaga kitini. "Lucy, Abuu alisema nini?"

"Alisema... maneno."

"Alimwambia nani?"

Lucy akatazama ubao, kana kwamba ungemsaidia.

"Basi aliongea na nani?"

"Na wenzake, Mwalimu."

"Wenzake wana majina. Na kwa lugha gani? Isije ikawa alikuwa anaongea Kiingereza, tukamfukuza badala ya kumpa zawadi."

Darasa likacheka. Lucy hakucheka. Abuu alikuwa anaingiza madaftari kwenye mfuko, moja moja, wala hamtazami.

"Mwalimu, sijui," alisema Lucy. "Nilisinzia. Nilimwandika kwa mazoea tu."

Shamimu, jirani wa Abuu kwenye dawati, akanyoosha mkono. "Mwalimu, Abuu aliongea mara moja tu. Alituambia tusipige kelele, Lucy amelala."

"Na alikuwa anakoroma," Abuu akaongeza.

Mwalimu akamrudishia Lucy karatasi. Lucy akalikata lile jina kwa mkono wake, akaenda mpaka kwenye dawati la Abuu.

"Nisamehe, Abuu. Nimekusingizia."

"Yameisha," Abuu akajibu, akiyatoa tena madaftari.

"Humu ndani wote tumechoka," alisema Mwalimu Wilfred. "Uchovu si kosa, Lucy. Ungeniambia umelala, ningekutafutia msaidizi, basi. Kosa ni kumwandika mwenzako kwa jambo usilolisikia. Wewe umeandika neno moja, yeye angelibeba mwezi mzima. Usilolisikia, usiliandike. Nami niliyewaacha nikakimbilia kuku, nina langu la kujibu." Akasimama kwa shida, mkono kiunoni. "Jumatatu mje wote. Hata wewe Abuu, na mdomo wako."