Damu ya Evelyn Haikudanganya

Maneno yalianzia sokoni Marangu, upande wa ndizi, na Dominika hakuweza kuyatoa kichwani: eti Bibi Ndelilio anamtilia mjukuu wake majani kwenye mtori, ndiyo maana mtoto haponi. Aliyeyasema alicheka, akaendelea kupanga mafungu yake. Dominika alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Jumatatu asubuhi alikuwa hospitalini Moshi na binti yake Evelyn, wa kidato cha pili. Ugonjwa wa Evelyn ni huu: kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia mishipa yake mwenyewe ya damu. Mishipa inavimba. Ikivimba ya figo, figo zinaharibika. Hauambukizi, wala hakuna aliyemroga.

Daktari Julius aliweka majibu mezani.

"Mama Evelyn, kipimo hiki cha damu kinaitwa CRP. Kinatuonyesha moto wa ndani unawaka kiasi gani. Mwezi wa tano kilikuwa sita, nikafurahi. Leo ni themanini na mbili, na kwenye mkojo kuna damu."

"Labda malaria, daktari?"

"Nimetafuta malaria, nimepiga picha ya kifua, sijaona kitu. Ni ugonjwa wenyewe umeamka. Dawa anameza?"

"Kila asubuhi, mbele ya macho yangu. Namwekea mkononi mwenyewe."

Daktari akakuna kidevu. "Basi ama dawa imeshindwa, ama kuna kitu kinaiharibu. Ijumaa niletee vidonge vyote vilivyobaki. Ikiwa dawa imeshindwa, tutamtundikia dripu ya dawa kali. Inaokoa figo, lakini inaweza kumharibia uzazi. Sitaki kuianza bila sababu."

Dominika akajua ana mpaka Ijumaa kukipata hicho kinachoharibu dawa.

Nyumbani walipokelewa na wifi yake Beatha, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akikaa nao akisubiri sendofu yake, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa ametoka kwa fundi, gauni limefunguliwa mishono mara ya pili.

"Wifi, Calvin ananinenepesha na hata hajanioa!" alicheka, mashavu yamemjaa. Akamwonea Evelyn huruma: "Pole mwanangu, umekonda. Kalale, shangazi akuletee uji."

Dominika hakukaa. Alikata kupitia migombani mpaka kwa mama mkwe, Bibi Ndelilio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama polisi?"

"Mtori wa Evelyn unauweka nini?"

"Ndizi, nyama, maziwa. Nani amekutuma?"

"Watu wanasema unaweka na majani."

Bibi akaepua chungu, akachota bakuli, akalinywa lote amesimama. Akachota la pili, akampa Dominika. "Kunywa. Tukifa, tufe wote. Ila mjukuu wangu hatakula kwangu tena mpaka uje mwenyewe uniombe."

Dominika alikunywa. Usiku hakuumwa hata tumbo.

Kesho yake alimwuliza Evelyn mwenyewe. Mtoto alikuwa akisinzia juu ya daftari.

"Sijui mama, siku hizi usingizi tu. Hata mwalimu ananitania. Na vile vidonge, zamani vilikuwa vichungu nakaribia kutapika. Sasa hivi vinateleza tu."

"Umevizoea."

"Labda."

Jumatano alikwenda duka la dawa la Shedrack. Mara moja, dawa za hospitali zilipomwishia, alinunua pale. Labda aliuziwa chokaa.

"Mama, usinitie doa!" Shedrack aliruka. "Nilikupa kwenye paketi imefungwa. Wewe ndiye uliyekaa kwenye benchi hilo, ukavitoa kimoja kimoja, ukavitia kwenye kopo la siagi. Nikakwambia acha, ukasema paketi zinachakaa."

Ilikuwa kweli. Dominika alikuwa na desturi hiyo: chumvi kopo, majani ya chai kopo, dawa kopo, vyote juu ya kabati la jikoni.

"Halafu niambie," Shedrack alisema akicheka, "kwenu mna mafua gani yasiyoisha? Vidonge vya mafua mnanimalizia dukani."

"Mafua? Kwetu hakuna mwenye mafua."

Kicheko cha Shedrack kikakatika. Dominika akauliza swali moja tu: "Anayekuja kununua ni nani?" Alipojibiwa, alishukuru, akaondoka.

Hakumwambia mtu. Alitaka uhakika. Ijumaa alimimina kopo mezani kwa daktari. Mfamasia akaitwa, akageuza vidonge kwenye sinia.

"Si vyetu. Vyetu ni prednisoloni, vichungu, vina mstari katikati. Hivi ni vya mafua. Vinaleta usingizi."

"Na vile vya kweli," Dominika aliuliza, "akimeza mtu mzima, vinamfanyaje?"

"Njaa isiyoshiba. Uso unajaa, unakuwa mviringo. Wengine hudhani ni afya."

Saa kumi jioni alimwita Bibi Ndelilio, akamweka jikoni pamoja na Evelyn na Beatha. Akaweka kopo katikati.

"Evelyn alikuwa anapewa vidonge vya mafua," alisema. "Vya kweli kuna mtu anavimeza. Simtaji. Nasema tu alichosema daktari: aliyevimeza muda mrefu akiacha ghafla, mwili unaweza kuzimika. Evelyn aliachishwa bila kujua, ndiyo maana anaanguka kwa uchovu. Vya kweli nilivyopewa leo hospitalini nimevifungia kabatini, na ufunguo ninao mimi."

Evelyn alimtazama bibi. Bibi alitazama kopo. Beatha alishika ukingo wa meza.

"Wifi... kuzimika kabisa? Hata kama mtu hakuwa mgonjwa?"

Dominika akamsogezea kopo.

"Mlimsifu Evelyn!" Beatha akalipuka kwa kilio. "Alipoanza kuvimeza mlisema amenawiri! Mimi shangazi zake Calvin walinipima kwa macho, wakasema huyu hata mkungu wa ndizi utamlemea. Nilidhani ni vya kunenepesha tu. Nikamwekea vingine vidogo vyeupe, asikose cha kumeza."

"Asikose cha kumeza," Bibi Ndelilio alirudia taratibu. "Figo za mtoto, Beatha."

Dominika hakumpiga. Jumatatu aliwapeleka wote wawili kwa daktari yuleyule: mmoja aangaliwe dawa ilivyomrudia, mwingine apunguziwe kidogo kidogo. Dripu haikutundikwa. Sendofu iliahirishwa, na Beatha mwenyewe alimweleza kaka yake sababu. Baada ya wiki kadhaa damu ya Evelyn ilipimwa tena: kumi na moja, na mkojo safi.

Siku hiyo Dominika alipita migombani, akapiga magoti mlangoni kwa mama mkwe, akaomba mtori.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Usitoe dawa kwenye paketi yake ukaitia kopo.
Usiiweke mahali ambapo kila mkono unafika.
Usimeze dawa ya mtu mwingine, hata kama imemfanya apendeze.
Ukigundua umeimeza, usiache ghafla. Nenda ukaseme.
Mtoto akisema dawa imebadilika ladha, usimwambie amezoea.
Usikose tarehe ya kupima damu.
Usimsifu mtu kunenepa kabla hujajua anameza nini.
Usimnyime bibi mjukuu kwa maneno ya sokoni.