Zamu ya Tatu

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu Ilpo, mume wa mdogo wangu Raili, na niseme mapema kwamba sikuwahi kumpenda. Ilpo anauza matairi mjini Kuopio, kazi ya halali, sina neno nayo. Balaa lake lilikuwa jioni na mwisho wa wiki, alipokuwa akichora mazimwi.

Kama angekuwa na kipaji ningenyamaza. Lakini mazimwi ya Ilpo yalikuwa yaleyale: chukua mtu au mnyama, mwongezee pembe, meno marefu na damu ya kudondoka, kisha mpe jina zito. Joka lake la mwisho, alilolitundika sebuleni juu ya kochi, lilikuwa na sura ya ng'ombe mwenye mafua. Ukicheka, anakueleza kwamba hujui sanaa. Alikuwa na wenzake wa kuchora, watu wazima na ndevu zao, wanaokutana maktaba kusifiana. Mwaka huo walikuwa wanaandaa maonyesho ya viumbe vya kutisha vya kwetu, na Ilpo alikuwa ameapa kwamba picha ya kwenye bango itakuwa yake.

Sikukuu ya katikati ya kiangazi tulikwenda wote kwa mama yetu Hilja, kando ya ziwa. Ilikuwa siku nzuri. Mama alichemsha viazi vipya, Raili akakata samaki wa chumvi, mimi nikawasha sauna tangu mchana, kile kibanda cha magogo cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ambamo mama alizaliwa na ambamo babu alioshwa siku aliyokufa. Ilpo hakushika hata ukuni mmoja. Alikaa kwenye ngazi akichonga vijiti vyake vya mkaa na kutueleza habari za vivuli.

Tulioga sisi wanawake kwanza. Kisha akaoga Ilpo. Baada ya hapo, kwetu, haogi mtu tena. Unajaza ndoo, unatia ukuni wa mwisho, unarudisha mlango na kuondoka. Joto linalobaki ni la mwenyeji, tonttu, yaani pepo mlinzi wa sauna, aliyekuwapo kabla ya babu kupanga gogo la kwanza. Mimi si mtu wa kuamini vitu hivyo, nafanya kazi benki. Lakini hata mchungaji wetu wa kanisa, akioga kwa watu, zamu ya tatu huondoka bila kuambiwa.

Ilpo alitoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akavaa suruali, akachukua ubao wake wa kuchorea, karatasi na kopo la vijiti vya mkaa. Akageuka kurudi kulekule alikotoka.

"Unakwenda wapi na huo ubao, mkwe?" mama akauliza.

"Kumchora mwenyeji, mama. Wenzangu wanabuni tu vichwani. Mimi nitamchora ana kwa ana."

"Zamu hii si yako."

"Nitampa pembe mbili na meno ya haja. Atanishukuru! Mjini hata hajulikani."

"Shemeji," nikamwambia, "paka aliyelala ulishindwa kumchora. Utamweza asiyeonekana?"

"Wewe subiri bango, shemeji. Utapanga foleni kuniomba saini."

Raili akacheka. "Mwacheni jamani. Joto likimshinda atatoka."

Mama hakucheka. Alisema sikio la kufa halisikii dawa, akaacha sahani mezani na kukaa akiutazama mlango wa sauna.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, na kwa majira yale kwetu halizami hadi karibu usiku wa manane. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusikia mambo haya yalitokea gizani. Hapakuwa na giza. Niliweza kuona mbu akitua mkononi mwa mama.

Tukasikia maji yakimwagwa kwenye mawe ya jiko. Ule mlio wa mvuke, mrefu. Kisha tena.

"Anachora au anaoga mara ya pili?" nikauliza. "Hiyo karatasi itakuwa uji."

Raili alianza kucheka, kisha akaacha. Alikuwa anatazama nyasi karibu na miguu yake. Ndoo ilikuwa pale. Kata ilikuwa ndani ya ndoo. Alikuwa ameitoa ili aende kuijaza ziwani kwa ajili ya mwenyeji, Ilpo akamkatiza kwa maneno yake, akasahau. Ndoo ilikuwa tupu. Mle ndani ya sauna hamkuwa na tone la maji.

Mvuke ukalia tena.

"Anamwaga nini?" Raili akanong'ona.

Kisha ukaanza mkwaruzo. Mkaa kwenye karatasi. Nilikuwa naujua mkwaruzo wa Ilpo, nimeuvumilia Krismasi ngapi: anakwaruza kidogo, anasimama, anafuta, anapumua kama mtu anayebeba jokofu. Huu haukusimama. Ulikwenda mbio, laini, bila kufuta. Mkono ule ulijua unachokifanya. Ilpo hakuwa na mkono wa namna hiyo.

Nikaenda. Nikavuta mlango.

Joto likanipiga masikioni. Dirisha dogo lilikuwa linaingiza mwanga wa kutosha. Ilpo alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, mgongo wima, kidevu juu, mkono mmoja gotini. Alikaa kama mtu anayepigwa picha ya harusi. Kopo lake la mkaa lilikuwa miguuni pake, limefungwa.

Ubao haukuwa naye. Ulikuwa juu, kwenye benchi la juu kabisa, pembeni. Umesimama. Umetugeuzia mgongo.

"Ilpo, toka."

Midomo yake haikutikisika sana. "Funga mlango. Unaharibu mwanga."

"Toka, nimesema."

"Bado hajamaliza." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeonywa. "Ameniambia nisitikisike."

Nikamshika bega. Alikuwa wa baridi. Baridi ya viazi vilivyohifadhiwa chini ya sakafu msimu mzima wa theluji. Katika chumba kile ambamo hereni zangu zilikuwa zinanichoma, Ilpo hakuwa na tone la jasho.

Na kule juu mkwaruzo ukaanza tena. Niliutazama ubao. Ulikuwa unatetemeka kidogo, kama unavyotetemeka ubao ukikandamizwa na mkono. Mkono sikuuona. Nyuma ya ubao palikuwa na magogo ya ukuta, basi.

Mama aliingia na ile ndoo, ameijaza ziwani. Alipita mbele yangu, akaiweka chini ya benchi, akaweka kata juu yake. Akainamisha kichwa.

"Utusamehe, mwenyeji," akanong'ona. "Ni mjinga, lakini ni wa kwetu. Tunamchukua."

Mkwaruzo ukakoma. Tulimvuta Ilpo, mimi kwapa hili, Raili, aliyeingia nyuma ya mama, lile. Alikuwa mzito na mkakamavu, hataki kuvunja mkao. Alipovuka kizingiti, ubao ulianguka nyuma yetu.

"Uache," mama akasema.

Sikuuacha. Nilirudi nikauchukua. Sikuwa tayari kumwachia yeyote, anayeonekana au asiyeonekana, picha ya mume wa mdogo wangu.

Maana ilikuwa picha ya Ilpo. Nimeona picha za watu zinazolindwa kwa vioo na walinzi, na hakuna iliyoifikia. Alikuwa yeye mzima: tumbo lililokunjika juu ya mkanda, ule mdomo wa kujiona, nywele tatu alizokuwa anazilaza kuficha upara. Hakuongezewa pembe wala meno. Aliyeichora hakuona haja. Kila mstari ulikuwa umemdharau, na kila mstari ulikuwa kweli tupu. Kitu kimoja tu kilikosekana. Hakuwa na macho. Mahali pa macho karatasi ilikuwa nyeupe.

Mwili wa Ilpo haukupata joto tena. Hospitali walimtoa damu, wakamsifu moyo, wakamrudisha nyumbani. Hula, hutembea, matairi huuza. Lakini ngozi yake yote ni baridi, na Raili hulala na soksi za sufu. Ni macho tu yaliyobaki na joto. Aliniambia kwamba Ilpo akilia, na siku hizi analia sana, machozi yanatoka ya moto. Basi humkalisha na kulaza shavu lake juu ya kope za mumewe, ili amhisi bado yupo.

Tulitaka kuichoma picha. Mama akauliza, "Mkiichoma, mtakuwa mmemchoma nani?" Nikaichukua mimi, nikaizungushia shuka na kuilaza ndani ya kabati langu la nguo mjini. Wenzake wa maktaba walitundika bango la dubu mwenye mabawa, na Ilpo hakuuliza hata nani alilichora. Namwonea huruma. Inaniudhi kumwonea huruma, nilikuwa nimezoea kumdharau.

Wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa nachemsha kahawa, Raili akapiga simu.

"Dada, ameamka jicho la kushoto halioni."

"Mpeleke kwa daktari."

"Dada." Alikuwa ananong'ona, nadhani Ilpo alikuwa karibu. "Nimeligusa. Ni la baridi."

Nikaenda chumbani na simu sikioni. Kabati lilikuwa limefungwa, na ndani shuka lilikuwa limekunjwa vilevile nilivyolikunja. Nikalifunua shuka. Jicho la kushoto lilikuwa limeshachorwa. Lilikuwa jicho la Ilpo, na kope zake nzito, na uoga ndani yake ambao sikuwahi kuujua. La kulia lilikuwa bado jeupe. Nikaligusa lile jipya, na kidole changu kikatoka cheusi.

Nyumba yangu inapashwa kwa mabomba, jiko langu ni la umeme. Mkaa haujawahi kuingia humu. Lakini sakafuni, mbele ya kabati, palikuwa na vumbi jeusi limejikusanya.

"Dada, bado upo?" Raili akasema. "Niambie lile lingine bado. Niambie."

Nilikuwa natazama kiti. Kiti changu kimoja cha jikoni kilikuwa kimeletwa pale, kikaelekezwa kabatini. Nikaweka kiganja juu yake. Kilikuwa na joto, na mbao zilikuwa zimelowa mvuke.