Chungu cha Mama Sora na Mvua ya Jumanne

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kuosha miguu, maana Bibi hakubali tope la kijiji chetu cha Ngonga liingie ndani ya nyumba yake. Ya pili ni kula. Ya tatu, niliyoipenda kuliko zote, ni kupita katikati ya migomba hadi kwa Mama Sora na kumshikia simu akipika.

Mama Sora ni jirani yetu. Alizaliwa Korea Kusini, na huko ndiko alikokutana na mumewe, Bwana Anyelwisye, aliyekwenda kusomea kilimo cha mpunga akarudi na cheti mkononi na mke ubavuni. Sasa ana miaka sita hapa. Husalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile", kama mtu aliyezaliwa Mwaya, na hufundisha mapishi ya kwao mtandaoni kwa Kiswahili. Watu wa Mbeya, Dodoma na hata Mombasa humtazama akipika samaki wa ziwani kwa pilipili nyekundu, akipakua na wali wa Kyela. "Kama huna hiki, tumia kile," ndiyo kauli yake. Kabichi ya kwao haipatikani sokoni? Anatumia chainizi, na maisha yanaendelea.

Mimi, Tusekile, wa darasa la sita, ndiye niliyekuwa mpiga picha wake. Nilijua kusogeza simu karibu mvuke unapopanda, na kuitoa haraka Sora, mtoto wake mdogo, anapotia kidole kwenye sufuria. Nilijiona mtu wa maana sana.

Basi Jumapili moja Mama Sora aliniambia, "Leo niachie simu. Wewe onja." Akanipa kimchi, yaani ile chainizi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Kwa kiherehere changu nikatia kipande kikubwa mdomoni. Lo! Machozi yalinitoka, kamasi zikanitoka, nikazunguka jiko mara tatu nikihema kama kuku aliyekunywa maji ya moto. Mama Sora alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipopoa, nami nikacheka. Sikujua kwamba alikuwa anarekodi, wala hakuniuliza kama angeweza kuiweka mtandaoni.

Nilijua kesho yake shuleni. Aliko, mvulana wa darasa letu, alikuwa ameiona video kwenye simu ya kaka yake. Alisimama juu ya dawati akaniigiza: macho yamemtoka, ulimi nje, mkono unapangusa pua. Darasa zima likaangua kicheko. Kufikia mapumziko hata watoto wa darasa la kwanza, wasiojua kuandika majina yao, walikuwa wanaimba, "Kamasi! Kamasi!" Watu elfu arobaini walikuwa wamekwisha kuitazama pua yangu.

Sikulia. Nilikaa nyuma ya ukuta wa vyoo nikiwa nimekunja ngumi, nikaapa. Aliko ningeshughulika naye baadaye. Aliyenianika mbele ya watu bila kuniuliza alikuwa Mama Sora, na nilijua mahali atakapoumia.

Uani kwake kulikuwa na chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, alichokinunua mnadani Matema. Ndani yake kulikuwa na rojo ya soya iliyokuwa ikiiva tangu mwaka uliopita. Soya ilitoka shamba la Bibi, kule Busale. Mimi, Bibi na Mama Sora tuliichemsha, tukaitwanga kwenye kinu cha Bibi, tukafinyanga mabonge kama matofali, tukayafunga kwa mabua ya mpunga na kuyaning'iniza chini ya paa. Yalipokauka na kuota ukungu unaotakiwa, yakaingia chunguni pamoja na chumvi. Tangu hapo chungu kikawa kama mgonjwa wa kuangaliwa. Jua likiwaka, kinafunuliwa na kuachwa na kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Mvua ikija, kinafunikwa upesi, kwa sababu maji ya mvua yakiingia, rojo inaoza.

Jumamosi ya wiki ile chungu kilikuwa kifunguliwe mubashara, mbele ya watazamaji wote. Tena mama mzazi wa Mama Sora, huko Korea, alikuwa anatimiza miaka themanini siku hiyo, na angekuwa anatazama. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kutengeneza rojo hiyo, na hawakuwa wameonana kwa miaka sita. "Nataka Mama aone sijasahau," Mama Sora alituambia mara nyingi, mpaka Sora naye akawa anasema hivyo hivyo.

Jumanne nilimkuta amevaa viatu vya safari, Sora mgongoni.

"Tusekile, ninampeleka Sora kliniki mjini," alisema. "Leo ndilo jua la mwisho la chungu. Ukiona mawingu, funika vizuri. Hatutakifungua tena hadi Jumamosi. Sawa, mwanangu?"

"Sawa, Mama Sora," nilijibu, nikitabasamu kwa meno yote.

Mawingu yalitoka milima ya Livingstone saa tisa. Sasa nieleze jambo moja kwa wasiojua kwetu. Wingu likitokea, kijiji kizima hukimbia. Kila mtu ana kakao au mpunga alioanika, na mvua ya Kyela haibishi hodi. Ukimaliza kuanua vyako, unaanua vya jirani ambaye hayupo. Mtoto wa kwetu hujua kuanua kabla hajajua kusoma. Nilimwona Bibi akifunga turubai letu, halafu akavuka njia kwenda kuanua kakao ya Bibi Veronika aliyekuwa shambani.

Mimi nilikaa kwenye baraza ya Mama Sora. Kifuniko kilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Tone la kwanza lilianguka kwenye kitambaa, la pili, kisha mvua ikamwagika. Kitambaa kikabonyea katikati, kikazama. "Kunywa," nilikiambia chungu. "Kunywa ushibe." Nilikuwa na furaha mbaya, ile inayokufanya utabasamu huku meno yamekaza.

Mvua ilipokatika, nilikamua kitambaa, nikakirudisha, nikaweka kifuniko juu yake na kukifuta maji. Mama Sora aliporudi alikuta chungu kimefunikwa vizuri.

"Ndaga fijo, Tusekile," alinishukuru. "Nilikuwa na wasiwasi njiani kote."

"Hakuna shida," nilisema. Na moyoni nikajitetea: sijavunja kitu, sijaiba kitu, sijafanya chochote. Nilikaa tu.

Alhamisi Mama Sora alikuja kwetu. Hakukaa alipokaribishwa. Alisimama mbele yangu akishika mikono yake.

"Mwalimu Dorothea ameniambia wanavyokuita shuleni," alisema. "Kwetu mtoto akionja kimchi ya kwanza, wakubwa hucheka na kupiga picha, inabaki ya nyumbani. Mimi niliiweka mbele ya watu wote bila kukuuliza. Nilikosa. Nimeifuta asubuhi hii. Unisamehe."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi Jumamosi, na sasa ameharibu kila kitu kwa kuomba msamaha. Bibi alikuwa dirishani akipiga pasi kitenge chake kizuri. "Nami nitasimama karibu na chungu chetu," alisema kwa majivuno. "Yule bikizee wa Korea aone soya ya Busale ilivyo."

Chungu chetu! Kwa hasira zangu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nusu ya kile nilichokiozesha ni jasho la Bibi. Ningesema pale pale. Sikusema. Niliogopa, na pia, niseme ukweli, sehemu ya moyo wangu bado ilitaka kuona.

Jumamosi ikafika. Uani kulifagiliwa, Bibi alipendeza, Sora alifungwa utepe kichwani. Nilishika simu. Mama Sora aliwasalimia watazamaji, kisha akazungumza kwa Kikorea. Nilijua anamsalimia mama yake. Mioyo midogo ilipanda kwenye kioo kama mapovu. Watu elfu tatu walikuwa wanatazama.

Mama Sora akaweka mkono kwenye kifuniko.

Nilimwona kupitia kioo cha simu, na nikajua sura atakayokuwa nayo baada ya dakika moja. Nilikuwa nimeivaa mimi Jumatatu, darasani, Aliko akiwa juu ya dawati. Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi niliyomwandalia, mbele ya mama yake. Nikafunika kamera kwa kiganja, nikakatisha matangazo.

"Tusekile! Vipi, bando limeisha?"

"Usifungue," nilisema. "Mvua iliingia Jumanne. Nilikuwa nimekaa barazani, naitazama. Niliiacha makusudi, kwa sababu ya ile video. Halafu nikafunika ili usijue."

"Gwe Tusekile!" Bibi alipiga kelele.

Mama Sora alifunua. Harufu ilitusukuma nyuma sote. Juu kulikuwa na maji ya kijivu na ukungu mweusi. Alinifokea kwa Kikorea kwa muda mrefu. Sikujua hata neno moja, na niliyaelewa yote. Kisha akaketi chini kando ya chungu, akalia.

Simu ikaita mkononi mwangu. Ilikuwa simu ya video kutoka kwa mama yake, Korea. Nilimpa Mama Sora, naye akaeleza, akageuza simu kuelekea chunguni. Yule bikizee aliuliza maswali mafupi mafupi kama daktari. Halafu Mama Sora akanitazama.

"Anauliza nani aliyeacha kufunika."

Ningeweza kujificha nyuma ya Bibi. Nilisogea mbele ya simu. "Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

Bikizee alinikazia macho, akasema neno.

"Anasema chungu kijacho utatwanga wewe," Mama Sora alitafsiri. "Soya yote. Peke yako. Na anasema tuache kulia, tuchote mpaka chini."

Tulichota. Bibi alikunja kitenge chake kizuri akachota nasi. Tulimwaga ndoo nzima shimoni. Karibu na chini, rojo ilikuwa nzito na ya rangi ya kahawia. Mama Sora aliinusa, akaionja, akafumba macho. Ilikuwa nzima. Haikujaza hata mabakuli mawili, lakini ilitosha kupikia supu ya siku ile.

Matangazo yalirudi hewani. "Samahani kwa kukatika," Mama Sora aliwaambia watazamaji. "Chungu changu kiliingia mvua. Basi leo nawafundisha namna ya kuokoa kilichobaki." Aliwaonyesha uozo wote uliokuwa shimoni bila kuficha. Jina langu hakulitaja hata mara moja, na simu nilishika mimi. Niliona aibu kuliko siku ile ya darasani. Bikizee wa Korea alipomwona bintiye akionja ile supu na kutikisa kichwa kwa kuridhika, alipiga makofi.

Tulipomaliza kuosha vyombo, Bibi aliniita. Nilitegemea fimbo. Alinionyesha nyumba ya ng'ambo ya njia.

"Yule Veronika, sisemi naye mwaka wa tatu huu. Unajua?"

"Najua, Bibi."

"Alinisingizia mbele ya kanisa zima. Bado ninaumia. Lakini Jumanne kakao yake aliianua nani?"

"Wewe, Bibi."

"Basi sikia. Kukasirika si dhambi, mjukuu wangu. Ulikosewa, na ulikuwa na haki ya kwenda kwake mchana kweupe umwambie, 'Umeniumiza.' Ungesema Jumatatu, angefuta Jumatatu. Wewe ulinyamaza, ukakaa barazani, ukaiita mvua ikulipizie. Tena usiniambie hukufanya kitu. Kuacha la kufanya nako ni kutenda. Umeangamiza kazi ya mwaka mzima kwa mtu aliyekuwa tayari kukuomba radhi."

Mwezi uliofuata nilianza kutwanga, na viganja vyangu vilitoa malengelenge.

Lakini kabla ya hapo, Jumatatu baada ya Jumamosi ile, Aliko aliniita Kamasi tena. Nilimfuata mbele ya wenzake nikamwambia, "Jina hilo linaniuma, na sitaki ulitaje. Ukirudia, tunakwenda wote kwa Mwalimu Dorothea." Alicheka, ila kidogo.

Saa tisa mawingu yakatoka milimani. Nilikimbia moja kwa moja hadi kwa Mama Sora, nikaanua pilipili zake. Nikakimbia kwetu, nikaanua kakao ya Bibi. Halafu nikaona turubai la ng'ambo ya njia bado limetandazwa, limejaa kakao. Ni kwa Bibi Veronika, na Bibi Veronika ndiye bibi yake Aliko.

Nilisimama. Nilimkumbuka akiwa juu ya dawati, ulimi nje. Tone la kwanza likaniangukia puani. Nikavuka njia.

Aliko alifika mbio akihema wakati nakunja pembe ya mwisho. Alitazama turubai, kisha akanitazama mimi.

"Kakao yako nimeianua," nilimwambia. "Kukusamehe bado."

Mvua ikamwagika. Bibi, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni kwetu, aliniita niingie ndani nisije nikalowa.