Kengele Iliyomwita Mzee Mwinjuma

Kila asubuhi Nasra aliingia ofisi ya mwalimu mkuu kwa hatua za askari wa gwaride. Alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Bigwa, na cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye: mpiga kengele. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu," akatazama saa ya ukutani, kisha akabonyeza swichi. Nje, juu ya nguzo, kengele ikalia mpaka mbuzi wa jirani wakaacha kutafuna.

Zamani waligonga rimu ya lori. Lakini biashara huria ilipoingia na chuma chakavu kikapanda bei, rimu nayo ikajitangazia uhuru, ikatoweka. Ndipo mjomba wake Nasra, Mzee Mwinjuma, fundi mstaafu wa reli, akajitolea kutafuta kengele nyingine. Alikwenda na Nasra Mwembesongo kwa Abeid, muuza chuma chakavu. Kati ya mabati na magurudumu waliikuta kengele kuukuu ya njia panda ya reli na barabara, ile inayowaonya watu kwamba treni inakuja.

"Kengele hainunuliwi kwa macho," Mzee Mwinjuma alisema. Akaigonga kwa sarafu, akatega sikio. "Ikilia kama sufuria, ina ufa. Hii nzima." Akafungua kifuniko. "Umeme ukipita kwenye waya huu uliozungushwa, chuma cha ndani kinakuwa sumaku na kuvuta nyundo. Nyundo ikigonga, umeme unakatika. Springi inairudisha, umeme unapita tena, inagonga tena."

"Na kule relini nani alibonyeza swichi, Mjomba?"

"Treni yenyewe. Magurudumu yakikanyaga reli, yanaiamsha kengele."

Abeid akacheka. "Mzee wangu, unanunua kengele au unachunguza mchumba?"

Mzee Mwinjuma alikuwa ameiinamia kengele. Ndani ya kifuniko mtu alikuwa amechora jina kwa msumari: IGNAS.

"Alikuwa mlinzi wa geti," alisema polepole. "Rafiki yangu. Treni ilimgonga." Akalipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo Abeid alilisimulia wiki nzima, pamoja na kisa cha marehemu Ignas.

Shuleni Mzee Mwinjuma alifunga kengele na betri ya gari kwenye nguzo na kutandaza nyaya mbili, nyekundu na kijani, kutoka kwenye swichi ya ofisini, nyuma ya jiko la uji, hadi kwenye nguzo. Nyaya zile zilikuwa nzuri mno. Wasichana wote wa Bigwa siku hizo walisuka bangili kwa maganda ya nyaya, na Nasra alikuwa msichana wa Bigwa. Akachukua wembe, akazimenya nyaya nyuma ya jiko kama amenyavyo muwa, akasuka bangili mbili: yake na ya rafiki yake Witness.

Jumatatu alasiri, upepo uliteremka kutoka milima ya Uluguru. Kengele ikalia. Ofisini hakukuwa na mtu. Ikanyamaza, kisha ikalia tena, kwa kifupi, kama mtu anayeita na kungoja aitikiwe.

"Ni yule marehemu!" Witness alisema.

Nasra alikumbuka zile nyaya uchi. Alicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikauma. Aseme ili iweje? Avuliwe cheo? Kufikia Jumatano nusu ya darasa la kwanza hawakuja shule, na yeye alikuwa bado kimya.

Jioni hiyo alimkuta mjomba wake mkekani, ugali umepoa mbele yake. Upepo ukavuma. Kengele ikasikika kutoka shuleni.

"Naam, Ignas," alisema Mzee Mwinjuma.

Nasra akamshika mkono. Huyu ndiye aliyemfundisha tangu utotoni: ukisikia unaitwa na usimwone anayekuita, usiitikie kamwe, usije ukamfuata.

"Mjomba, usiitikie!"

"Ananidai jibu, mama. Kengele yake iliharibika, nikaitwa asubuhi. Nikasema nitakwenda baada ya chakula. Akasimama relini na bendera kuzuia watu, na treni ilipofika hakuwahi kuondoka. Niliwaambia wote kwamba sikupata ujumbe." Akajifuta macho. "Siku ile haikulia. Sasa inaniita. Siku tatu naitikia. Ya nne nitamfuata."

Nasra hakuwa na kicheko tena. Akavua bangili, akaiweka mkekani.

"Anayekuita ni mimi," akasema. Akaeleza yote.

Walikwenda nyuma ya jiko. Upepo ulipovuma, nyaya ziligusana, kengele ikalia. Mzee Mwinjuma akazitenganisha kwa kijiti. Kimya. Akaziachia, ikalia. Alirudia mara nyingi, machozi yakimtoka.

Asubuhi Nasra alikiri mbele ya shule nzima. Mwalimu mkuu, Mwalimu Alois, alimvua cheo kwa muhula mmoja na kumpa Witness. Nasra alifunga nyaya kwa utepe, jiko zima likimtazama.

Jumamosi Mzee Mwinjuma alipanda basi kwenda Turiani, kwa Bernadeta, mjane wa Ignas. Alirudi Jumapili.

"Umemwambia?" Nasra aliuliza.

"Nimemwambia. Alilia sana. Kisha akanipakulia wali."

Jumatatu asubuhi walikuwa wakinywa chai kengele ilipolia, kwa wakati wake. Nasra alimkodolea macho mjomba wake. Mzee Mwinjuma akamega kiazi, akatafuna, hakuitikia.

"Kosa ukilificha, mpwa wangu, linajifunza jina lako na kukuita," alisema. "Ukilitaja wewe kwanza, linanyamaza. Haya, kimbia, umechelewa."