Degri Moja ya Bahari

Jepkorir alikuwa na gunia moja tu la mbegu za viazi. Mbegu zilikuwa zimeanza kuchipua, na mwezi wa kumi ulikuwa umeingia. Zikiozea shambani, familia ingekosa chakula cha mwaka mzima.

"Tupande bondeni," alisema mumewe, Kipngeno. "Kiangazi cha mwaka jana, si bonde ndiyo ilituokoa?"

Kipngeno akishashika neno, humtoi. Jepkorir akachukua jembe.

Njiani walikutana na jirani yao, Nerima, mama yake Bravin. Kwa miaka sita Nerima alikuwa amefanya kazi Pwani, akitoka kwa boti kupima joto la bahari.

"Bondeni? Mwaka huu hapana," alisema Nerima. "Maji ya karibu na pwani si ya kina kirefu. Kila mwaka yanapata joto mwezi wa tatu na wa nne, halafu yanapoa mwezi wa nane. Mwaka huu hayakupoa vizuri. Wenzangu wamepima. Mpaka huko kwenye kilindi, joto limezidi kawaida kwa degri moja."

Kipngeno alicheka mpaka akaegemea jembe. "Degri moja! Mama Bravin, hata uji ikipoa degri moja nani atajua?"

"Uji ni kikombe. Ile pipa yenu ya maji, kuipasha kwa degri moja utatumia kuni ngapi?"

"Moja. Tena nono."

"Haya, sasa pasha bahari."

Kicheko kikamkauka. Jepkorir, ambaye hakuwa amewahi kuiona bahari, alijaribu kuzihesabu kuni hizo kichwani. Alimaliza kuni zote za Ndabibi, kijijini kwao, akamaliza msitu wote wa Mau, na bahari bado.

"Na huo moto wote unaenda wapi?" aliuliza.

"Unageuza maji kuwa mvuke. Upepo unauleta huku. Bahari ikiwa hivyo, mara nyingi hii mvua fupi ya mwisho wa mwaka inakuja na nguvu. Hata kwa redio wametuonya."

Basi walipanda viazi vyao juu, kwenye mteremko. Waliinua matuta, wakachimba mitaro ya kupitisha maji. Kipngeno alinung'unika siku nzima.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Bonde likajaa, bata wakaogelea mle ambamo mbegu zingekuwa. Juu, majani ya viazi yalisimama, ya kijani.

Jepkorir alishuka akatia mkono majini. Maji yametoka mbali hivyo, aliwaza, na yamefika mpaka shambani kwetu! Alishangaa hata akasahau kurudi nyumbani.

Siku ya kuvuna, Kipngeno mwenyewe alimpelekea Nerima debe la viazi.

"Mama Bravin," alisema, akiangalia chini. "Hebu waulize wenzako. Bahari inasemaje sasa?"